Mlio wa Pawa Stelingi: Tafuta Hewa Kabla ya Kununua Pampu

Gari linapoanza kutoa mvumo mwembamba kila usukani unapogeuzwa, mvumo unaopanda na kushuka pamoja na resi za injini, hukumu inayotolewa haraka katika gereji nyingi ni kwamba pampu ya pawa stelingi, ile inayosukuma oili ili usukani uwe mwepesi, imekufa. Kuna siku hukumu hiyo huwa sahihi. Hata hivyo, pampu inayolia mara nyingi ni pampu inayokosa oili, au inayovuta oili iliyochanganyika na hewa, na ukiibadilisha bila kuondoa sababu hiyo, pampu mpya nayo italia na hatimaye kufa kwa ugonjwa uleule. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba pampu ihukumiwe mwisho, baada ya oili, hozi na mkanda kukaguliwa. Sehemu kubwa ya kazi hii inaweza kufanywa nyumbani na mwenye gari mwenyewe, akiwa na tochi, bisibisi, kitambaa safi na oili ya kutosha ya aina inayotakiwa.

Kwanza hakikisha kwamba usukani wa gari lako unatumia oili. Katika magari mengi kama Toyota Vitz, Passo na IST, usukani husaidiwa na mota ya umeme. Hakuna kopo la oili wala mkanda wa kuzungusha pampu, na mlio wa gari la namna hiyo hutafutwa kwa njia nyingine. Mazda Axela ya kizazi cha kwanza iko katikati: ina oili na pampu, lakini pampu yake huzungushwa na mota ya umeme, kwa hiyo ukaguzi wa oili na hewa unaifaa ilhali ule wa mkanda hauihusu.

Ni vizuri kuelewa kinachotokea ndani ya pampu, kwa sababu ukaguzi wote unategemea jambo hilo. Pampu ya mkanda huwa na rota yenye vibao vidogo vinavyoteleza kutoka na kurudi ndani. Upande mmoja huvuta oili kutoka kwenye kopo kupitia hozi nene, na upande wa pili huisukuma kwa shinikizo kubwa hadi kwenye raki ya stelingi, yaani chombo kinachosukuma magurudumu ya mbele yageuke. Hozi ya kuvutia haina shinikizo, ina mvuto. Tundu dogo katika upande huo halitoi oili nje, bali huingiza hewa ndani, na hii ndiyo sababu gari linaweza kulia kwa miezi bila tone hata moja kuonekana sakafuni. Mapovu ya hewa yanapofika upande wa shinikizo hubanwa ghafla na kupasuka, na huo ndio mvumo unaousikia. Yakiachwa muda mrefu, hula chuma cha ndani ya pampu.

Sasa sikiliza. Washa injini, gari likiwa limesimama na breki ya mkono imevutwa, kisha geuza usukani taratibu kushoto na kulia. Mvumo unaoongezeka unapogeuza, na unaopanda ukikanyaga mafuta kidogo, unaelekeza kwenye oili, hewa au pampu. Mlio mkali wa ghafla, unaotokea asubuhi injini inapowaka au usukani unapofika mwisho, kwa kawaida ni wa mkanda unaoteleza. Sauti kama ya hewa inayofoka usukani ukiwa umefika mwisho kabisa si ugonjwa: ni vali ya kupunguza shinikizo inayofunguka, nayo imewekwa kwa kazi hiyo. Usiushikilie usukani hapo zaidi ya sekunde 5, kwa kuwa oili hupata moto haraka na pampu huumia. Ikiwa mvumo haubadiliki hata kidogo unapogeuza usukani, chunguza oltaneta (inayozalisha umeme wa gari), beringi za puli, yaani magurudumu yanayozungushwa na mkanda, na tenshena, kikaza mkanda, maana pampu huenda haina kosa lolote.

Baada ya kusikiliza, fungua kopo la oili. Makopo mengi yana alama za MIN na MAX, au HOT na COLD. Alama ya COLD husomwa gari likiwa limepoa na ile ya HOT baada ya safari. Oili ikiwa chini ya alama, jaza, lakini usiishie hapo, kwa sababu oili ya stelingi haitumiki ikaisha kama ya injini: imepungua kwa kuwa inavuja mahali fulani. Kagua viungio vya hozi, pampu yenyewe, na mipira yenye mikunjo iliyo kwenye ncha mbili za raki. Mipira hiyo ukiibonyeza ukaona ina oili ndani, sili za raki, yaani mipira inayozuia oili isivuje, zimechoka.

Aina ya oili ina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Toyota na Subaru nyingi za miaka ya 2000 hutumia ATF (oili ya gia za otomatiki) ya daraja la Dexron, ile nyekundu. Honda huhitaji oili yake maalumu ya stelingi. Na magari kadhaa ya Ulaya hutumia oili ya kijani ambayo haichanganywi na ATF. Soma kifuniko cha kopo au kitabu cha gari, wala usikubali kumiminiwa chochote kilicho karibu na fundi. Oili ya breki hasa ni sumu kwa mfumo huu, kwani huvimbisha sili na oringi (pete za mpira za kuziba viungio) hadi zote zianze kuvuja.

Chovya kitambaa cheupe katika oili, kisha ukitazame juani. Kwa ATF, wekundu unaopenyeza mwanga ni dalili njema. Rangi ya kahawia iliyoiva, au weusi wenye harufu ya kuungua, inamaanisha oili imechoka na inatakiwa kubadilishwa. Ukiona chembe zinazometameta, hizo ni vipande vya chuma cha pampu, na hapo hukumu dhidi ya pampu inaanza kupata nguvu. Oili iliyopauka, yenye povu kama la maziwa yanayoanza kuchemka, imejaa hewa.

Kuna kipimo kimoja cha hewa ambacho ningependa kila mwenye gari akijue, kwa sababu hakihitaji kifaa na hakidanganyi kirahisi. Acha injini iwake bila kukanyaga mafuta, usukani ukiwa umenyooka, uone oili imefika wapi kwenye kopo; ukiweza, weka alama kwa kalamu ya wino mzito. Kisha zima injini huku ukiendelea kutazama. Oili ikipanda kidogo tu, mfumo hauna hewa ya kutisha. Ikipanda kwa zaidi ya milimita 5, kipimo ambacho Toyota wenyewe hukitumia katika miongozo yao ya ufundi, basi kuna hewa iliyokuwa imebanwa ndani na sasa inatanuka.

Hewa ikithibitika, swali linalofuata ni inakoingilia. Mfano unaofundisha vizuri ni Subaru Forester SG5, gari lililojaa barabara za Kenya na linaloonekana sana Tanzania pia. Mahali ambapo hozi ya kuvutia inaingia juu ya pampu kuna oringi moja ndogo. Kwa joto la injini na umri, oringi hiyo hukauka na kuwa ngumu, haibani tena, na pampu huanza kunyonya hewa hapo. Gari hulia zaidi asubuhi, oili ikiwa nzito, kisha mlio hupungua likipata moto, na mwenye gari huambiwa anunue pampu nzima kwa sababu ya kipande cha mpira kinachotoshea kwenye kidole. Ukiwa na gari la aina hii, badilisha oringi hiyo kwanza, ukihakikisha ni ya mpira unaostahimili oili na yenye kipimo kilekile, na uipake ATF kabla ya kuibana.

Kwa gari lolote lingine, fuata hozi ya kuvutia kutoka kwenye kopo hadi kwenye pampu, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Ikunje taratibu utafute nyufa, hasa kwenye ncha zilizo chini ya klipu. Kisha paka grisi nzito kuzunguka kila kiungio, washa injini, ugeuze usukani. Mvumo ukipungua ghafla, grisi imeziba tundu kwa muda na umeipata sehemu yenye kosa. Weka mikono, kanga, tai na nywele mbali na mkanda na feni.

Usilisahau kopo lenyewe. Mengi yana chujio dogo chini, ambalo huziba kwa uchafu wa miaka mingi, na pampu ikabaki na njaa ingawa kopo limejaa. Lifungue, lioshe, na kama chujio haling'oki wala halisafishiki, nunua kopo jingine.

Mkanda hauchukui muda mrefu. Tazama nyufa, mng'ao na ulegevu. Mkanda uliolowa oili hubadilishwa, haufutwi. Angalia pia kama hozi ya shinikizo imegusa bodi au chesi, maana mguso huo huingiza mvumo wa kawaida ndani ya gari ukaonekana kama ugonjwa.

Ukishaziba njia ya hewa, toa iliyobaki. Inua magurudumu ya mbele kwa jeki na uyaweke juu ya stendi imara, kamwe usitegemee jeki peke yake. Bila kuwasha injini, geuza usukani kutoka mwisho hadi mwisho, polepole, mara 20 hivi, huku mtu mwingine akitazama kopo na kuongeza oili isije ikashuka chini ya alama. Mapovu yakiisha, washa injini urudie mara chache. Oili ikitoa povu tena, zima, uiache itulie, ndipo uendelee. Ikiwa oili ilikuwa chafu, ivute kutoka kwenye kopo kwa bomba la sindano kubwa la duka la dawa lililofungwa mpira mwembamba, jaza mpya, endesha siku moja, kisha rudia hadi rangi safi ya oili irudi.

Pampu huhukumiwa pale tu oili ni safi na kamili, hewa haipo, mkanda ni mzima, na bado mvumo unatoka. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa pampu na mpini karibu na sikio, halafu fanya hivyo kwenye oltaneta. Kwenye mkosaji sauti huwa kali zaidi. Zima injini, legeza mkanda, uizungushe puli ya pampu kwa mkono: ikikwaruza au ikicheza kwa upande, beringi imekwisha. Ukinunua pampu ya mtumba, kama wengi wetu tufanyavyo Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, izungushe vivyo hivyo kabla ya kulipa, na uchungulie matundu yake kuona kama kuna unga wa chuma. Kabla ya kuifunga, osha kopo na umwage oili yote ya zamani, pamoja na ile iliyobaki ndani ya raki, kwa kuchomoa hozi ya kurudisha oili kwenye kopo na kugeuza usukani magurudumu yakiwa juu.

Usukani ukiwa mzito ghafla, au oili ikimwagika hadi kopo kubaki tupu, usiendelee na safari kwa matumaini ya kufika. Gari bado linageuka kwa nguvu za mikono, lakini kwenye kona au mteremko nguvu hizo huenda zisitoshe, na pampu inayozunguka bila oili hujiua yenyewe. Baada ya matengenezo, pima tena kimo cha oili gari likiwa limepoa siku ya pili, na tena baada ya wiki moja. Kikiwa hakijashuka na oili haijapauka, kazi imekamilika.