Samaki mwindaji kwa tangi la lita 200

Tangi lenyewe lina urefu wa mita moja, upana wa sentimita 40 na kimo cha 50. Lita 200 kwa hesabu, pungufu kidogo ukishapanga mawe. Jirani yangu kaliweka sebuleni na anataka samaki anayewinda. Tulifuata mpango huu.

1. Pima kwa samaki mzima

Oska, samaki wa Amerika Kusini, dukani ana sentimita 5, anakutazama kwa macho ya huruma. Akikomaa anapita 30, na kwenye upana wa 40 hata kugeuka ni shida. Livingstonii wa Ziwa Nyasa, yule anayejilaza ubavu akijifanya amekufa ili vidagaa vimsogelee, nampenda mno, ila anafika 25. Muache. Sangara usimtaje kabisa.

2. Mchukue compressiceps

Ndiyo, nina upendeleo. Altolamprologus compressiceps ni wa Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania pia yupo. Dume huishia kwenye sentimita 13 hadi 15, jike mdogo zaidi. Ubavuni ni mpana, lakini ukimtazama kwa mbele utadhani alibanwa na mlango. Wembamba huo ndio silaha yake: anajilaza upande kidogo, anapenyeza kichwa kwenye ufa wa jiwe, anatulia. Jicho tu ndilo linalogeuka. Ghafla, kamba mdogo aliyekuwa akiogelea hapo hayupo.

3. Maji

Magumu, yaani yenye madini mengi, pH (kipimo cha uchachu) 8.5 hadi 9, nyuzijoto 25. Kama maji yako ni laini, mfano ya Nairobi, weka matumbawe yaliyosagwa ndani ya chujio. Chujio liwe limeshakomaa, yaani lina bakteria wa kuvunja uchafu.

4. Mwone akila kabla hujatoa hela

Nenda asubuhi kabla hawajalishwa, mwombe muuzaji amtupie chakula ukiwa umesimama hapo. Usimhukumu kwa wembamba, kwani ndivyo alivyo. Angalia kama tumbo limebonyea na nyama ya nyuma ya kichwa imekwisha. Akitoa kinyesi cheupe kama uzi, shukuru uondoke.

Akikataa chakula kikavu cha chembe lakini anakimbilia chakula kinachotembea, bado anafaa, mradi uwe na subira. Kata kamba mbichi saizi ya mdomo wake, mshike kwa koleo ndefu ya plastiki, umchezeshe mbele ya ufa anaokaa. Mchezeshe taratibu; ukivurumisha anajificha. Fanya hivyo taa zikiwa hafifu. Asipogusa kwa dakika kumi, toa mabaki, usiache amonia, sumu ya vitu vinavyooza, ipande. Samaki mkubwa mwenye afya havunjiki kwa siku chache za njaa, ila kifaranga usimjaribie hivyo.

Gapi, vile visamaki vidogo vya kulishia, sinunui: wanaingiza magonjwa, na samaki akishazoea hataki kingine. Moyo wa ng'ombe wanaousifia nao siutaki, mafuta yake hayamfai huyu. Uduvi mkavu sawa, lakini uloweke na kuusuuza, maana mwingine una chumvi na mchanga.

5. Wenzake

Kinachoingia mdomoni ni chakula, basi. Julidochromis wakubwa, samaki wengine wa Tanganyika, wanaelewana naye. Mbuna, samaki wa miambani wa Nyasa, hapana: wana fujo, wanakula haraka, naye ni mpole mezani, atabaki na njaa. Dume mmoja na majike wawili wanatosha tangi hili, kila mmoja na ufa wake.