ATV (pikipiki ya magurudumu manne) kuvuta usukani kwenye makorongo

Kwa mnaopita njia za mashamba ya chai Mufindi: ukishabadilisha springi za mbele, kagua kama usukani utavutwa tairi likipanda na kushuka: toa shokapu, nyoosha hendeli na uikaze isicheze. Funga ubao mnyoofu kwenye rimu, vuta kamba kando yake, kisha inua tairi kwa jeki kidogo kidogo ukipima pengo kati ya kila ncha ya ubao na kamba. Tofauti ya ncha hizo mbili ikibadilika, tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza tairi) na mkono wa tairi (chuma kinachoshikilia tairi kwenye fremu) havichori upinde mmoja, ndiyo maana usukani unavutwa. Panga washa (vipete bapa vya chuma) kwenye boliti ya tairodi endi, yaani kichwa cha tairodi, mojamoja, upime tena. Nati ibaki na nyuzi za boliti za kutosha kushika. Boliti iliyochongoka haikubali washa. Na bushi (vipande vya ndani ya maungio ya mikono) zikiwa zimelegea, vipimo vyote vitakudanganya, anza nazo.