Ukikosa ndege, angalia kwanza uzito wa bunduki umekaa wapi

Ndugu zangu wenye leseni mnaowinda kanga huku Iringa na Mbarali, mkikosa ndege anayeruka msikimbilie kulaumu macho.

Chukua nyundo, ishike mwishoni mwa mpini, izungushe. Sasa ishike karibu na kichwa. Uzito ni uleule, lakini mara ya pili inageuka upesi. Bunduki ya marisau, yaani ile inayorusha vidonge vidogo vingi kwa mara moja, nayo ni hivyo hivyo. Mtutu mwepesi huwahi kuanza na huwahi kusimama, na ukisimama tu, marisau hupita nyuma ya mkia. Mtutu mzito huchelewa kuondoka, ila ukishaanza kumfuata ndege hautetereki. Kwa kanga anayeibuka ghafla majanini, mimi napenda uzito ukae katikati ya mikono miwili. Kwa bata wa mbali, uelemee mbele kidogo.

Kupima ni rahisi. Toa risasi zote, hakiki chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) kwa jicho na kwa kidole, elekeza mtutu pasipo na mtu, kisha laza bunduki juu ya kidole mpaka itulie. Kwenye ile ya mitutu miwili inayokunjuka, wengi hupenda itulie karibu na bawaba. Ile yenye bomba la risasi chini ya mtutu hubadilika kila unapofyatua: risasi moja ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) ina gramu kama 40 hadi 50, na zikiwa nne mbele, mkono wa kushoto unazisikia.

Ukitaka kurekebisha, anza kwa kuongeza uzito wa gramu 50 tu ndani ya kitako, ujaribu wiki nzima kabla ya kuongeza.