Umeme wa akiba kwenye trela ya nyama choma: jinsi ninavyoufunga mimi

"Fundi, niweke jenereta ya kVA ngapi?" Hiyo ndiyo simu ninayopigiwa mwenye trela akishapata tenda ya harusi au kona nzuri ya kuuzia. Jibu langu huwa linamuudhi: bado hatujafika kwenye jenereta. Nyama yako inaiva kwa mkaa. Umeme kwenye trela una kazi chache tu: kugandisha, kumulika, kupuliza moto, kutoa risiti na kuchaji simu inayopokea malipo. Ukizitenga kazi hizo na mbwembwe nyingine zote, mfumo mdogo wa betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) utakuvusha usiku. Ukizichanganya, hata jenereta kubwa itakuaibisha mbele ya wageni mia tatu.

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 uliwasukuma wengi kununua jenereta mbio mbio. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mapema 2024, na watu wakapumua. Lakini trela haina shida ya mgao peke yake. Kuna kona isiyo na nguzo, kuna ukumbi ambao soketi yake ya nje imeungua, na kuna jirani anayekukopesha umeme kisha anachomoa saa tatu usiku kwa sababu LUKU yake (umeme wa kulipia kabla) inaelekea kuisha.

Hatua ya 1: Hesabu kwa wati-saa, usikisie

Wati-saa 1,000 ni uniti moja ya LUKU, kwa hiyo hesabu hii si ngeni kwako. Soma kibandiko nyuma ya kila kifaa, zidisha wati kwa saa utakazokitumia. Huu hapa mfano wa trela inayotoka nyumbani saa nane mchana na kufunga saa sita usiku:

Friza ya lita 200, wati 120, saa 10, kompresa ikizunguka kama nusu ya muda: 600.
Taa 4 za LED za wati 10, saa 6: 240.
Feni ya kupulizia mkaa, wati 40, saa 4: 160.
Mashine ya risiti (EFD), simu na vikorokoro vyake, wati 20, saa 5: 100.

Jumla ni wati-saa 1,100. Inveta nayo inakula sehemu yake, kwa hiyo gawanya kwa 0.85, unapata kama 1,300. Usiku mzima wa biashara ni uniti moja na kidogo. Watu wengi hawaamini mpaka wapige hesabu wenyewe.

Ile "nusu ya muda" ya friza ndiyo namba ya kuitilia shaka. Februari ya Dar, friza ikiwa imekaa karibu na jiko na mfuniko unafunguliwa kila dakika mbili, kompresa haipumziki. Isogeze mbali na moto kabla hujafikiria betri kubwa zaidi.

Hatua ya 2: Gawa trela laini mbili

Hapa ndipo mfumo unapopona au kufa. Laini ya lazima inabeba vile vinne nilivyotaja. Laini ya ziada inabeba spika, blenda ya juisi, televisheni ya mpira, birika. Laini ya ziada haigusi betri kabisa. Inafanya kazi pale tu kuna umeme wa gridi ya TANESCO au jenereta. Kila laini na breka yake, na soketi za ziada zipake rangi nyingine ili kijana wako asichomeke birika kwenye laini ya friza. Birika la wati 2,000 kwenye mfumo wa volti 12 litavuta karibu ampea 190 kutoka kwenye betri. Hapo hakuna inveta ya kawaida itakayokubali, na ikikubali, waya ndio utakaolipa.

Jambo moja ninalolisisitiza kwa kila mteja: taa na feni ya mkaa nunua za volti 12 na uziunge moja kwa moja kwenye betri kupitia kisanduku cha fyuzi, bila kupita kwenye inveta. Inveta ndicho kifaa kinachoharibika mapema kuliko vingine. Siku ikizima, utabaki na mwanga na moto, friza itavumilia, na mteja hatajua kitu. Trela ambayo kila kitu kinapita kwenye inveta ina mlango mmoja tu wa kutokea.

Hatua ya 3: Chagua betri

Betri ya maji (ya risasi na asidi) aina ya N200 ina wati-saa 2,400 kwenye karatasi. Ukiitumia zaidi ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo mkononi una 1,200. Mzigo wetu ni 1,300. Umeona tatizo. Tena ina uzito wa mtu mzima mwembamba, inatoa hewa ya hidrojeni ikichajiwa, na joto linaipunguzia maisha: kila nyuzi 10 juu ya 25 zinakata umri wake karibu nusu. Trela yenye jiko la mkaa si mahali pake.

Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4, ya volti 12.8 na ampea-saa (Ah) 200, ina wati-saa 2,560, na unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi, yaani kama 2,050. Bei yake ni kubwa zaidi siku ya kununua. Mimi bado naishauri, kwa sababu trela inatumika karibu kila siku na betri ya maji utainunua tena na tena. Kariakoo zipo nyingi, nzuri na za kitapeli. Beba mzani wa mkono: ya Ah 100 halisi huwa na uzito wa kilo 10 hadi 13. Ukikuta ya kilo 6 imeandikwa Ah 100, mrudishie muuzaji na umshukuru.

Iweke sehemu ya chini, mbali na jiko, ndani ya kisanduku chenye matundu, imefungwa kwa mkanda juu ya mpira; matuta ya barabarani yanalegeza kila kitu. Mtungi wa gesi kama upo ukae upande mwingine kabisa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, na inveta ina cheche zake.

Hatua ya 4: Inveta, waya na fyuzi

Nunua inveta ya wimbi safi (pure sine wave) ya wati 1,000 inayoweza kuhimili wati 2,000 kwa muda mfupi, maana kompresa ya friza wakati wa kuwaka huvuta mara kadhaa ya wati zake. Zile za bei rahisi zisizo na wimbi safi zinaifanya kompresa ingurume na kupata joto.

Wati 1,000 kwenye volti 12 ni karibu ampea 100. Tumia waya wa milimita za mraba 35, usiozidi mita moja na nusu kati ya betri na inveta, na fyuzi ya ampea 125 kwenye nguzo chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Fyuzi inalinda waya. Ukiiweka kwenye upande wa inveta, waya wote uliobaki nyuma hauna mlinzi.

Waya wenyewe ukwangue kwa kisu dukani. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ikionekana nyeupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na itapata moto kwa ampea hizo. Vichwa vya waya vibanwe kwa mashine ya kubania. Nyundo haibani, inaponda. Kwa wanaofanya kazi Coco Beach au Kigamboni, paka mafuta ya mgando kwenye nguzo zote za betri baada ya kukaza, kwa sababu chumvi ya hewani inaota kijani kwenye shaba ndani ya muda mfupi.

Hatua ya 5: Kuingiza TANESCO na jenereta

Nje ya trela funga soketi ya bluu ya viwandani, ampea 16, yenye mfuniko wa kuzuia maji, na waya wa mpira wa nyuzi tatu za milimita za mraba 2.5. Kutoka hapo nenda kwenye swichi ya kubadilishia yenye nafasi tatu: TANESCO, sifuri, jenereta. Iwe inakata waya wa moto (laivu) na wa nyutro kwa pamoja. Baada yake weka breka ya kuvuja (RCD, inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30, kisha laini ya ziada na chaja ya betri; laini ya lazima inaendelea kula kwenye betri.

Ule waya wenye plagi vichwa vyote viwili, ambao mafundi wa mtaani humchomekea mtu jenereta kwenye soketi ya kawaida, sitaki kuuona. Unachomoa upande mmoja, meno ya plagi yana volti 230 mkononi mwako, na fundi wa TANESCO aliyeko juu ya nguzo anaweza kufa kwa umeme wako.

Bodi ya trela ni chuma, na mteja anaishika akiwa na kandambili zilizolowa. Waya wa athi (wa ardhini) lazima ushikane na fremu. Jenereta ndogo nyingi nyutro yake haijaungwa na athi, na katika hali hiyo breka ya kuvuja inaweza isiruke kabisa. Sehemu hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) aipime kwa vifaa. Usijifunzie hapa.

Jenereta ya kVA 2 inatosha kabisa kwa laini zote mbili, birika likiwa limezimwa. Iweke mita kadhaa kutoka kwenye trela, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na watu: msimu wa kaskazi na msimu wa kusi pande zinageuka, kwa hiyo usiikariri sehemu moja. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua. Usijaze petroli ikiwa ya moto, hasa ukiwa na jiko la mkaa hatua chache pembeni.

Hatua ya 6: Sola, kama paa linaruhusu

Paneli mbili za wati 200 na kidhibiti cha chaji aina ya MPPT zinaweza kukurudishia wati-saa 1,300 hivi siku ya jua zuri. Sharti ni moja: trela isiegeshwe chini ya mwarobaini mchana kutwa. Mafuta na masizi ya nyama yanaganda juu ya paneli, zifute kila wiki. Wakati wa masika usizitegemee. Chaji usiku nyumbani. Chaja ya ampea 20 inajaza nusu ya betri ya Ah 200 kwa kama saa tano, na hakikisha imeandikwa ni ya LiFePO4.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya tenda

Usiku mmoja nyumbani, friza ikiwa imejaa, zima TANESCO na uache laini ya lazima ifanye kazi mpaka asubuhi. Shika waya za betri kila baada ya saa moja. Zikiwa za moto kuna kichwa kimelegea. Kisha zima inveta makusudi uone nini kinabaki kimewaka.

Jaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji zilizoganda. Friza iliyojaa na kufungwa hushika baridi hadi saa 48, iliyojaa nusu kama 24. Ukiweka na kipimajoto ndani, nyama mbichi isipande juu ya nyuzi 5, utakuwa na sababu ya kutulia hata kila kitu kikizima. Kwenye droo weka fyuzi mbili za akiba za ampea 125, spana ya kukazia nguzo na tochi.