Moto wa chumba cha shehena kwenye kompyuta: anza na hewa

Wanaonijia kujifunza FDS, programu ya bure ya kuiga moto kwenye kompyuta iliyotengenezwa na taasisi ya NIST ya Marekani, hutaka kupanga makontena siku hiyohiyo. Mimi huwapa kalamu kwanza.

Chukua chumba cha shehena cha meli, cha mita 25 kwa 20 kwa 12, yaani mita za ujazo 6,000. Ukitoa shehena, tuseme inabaki hewa ya mita za ujazo 2,000. Uzito wake ni kama kilo 2,400, na oksijeni ndani yake ni kilo 550 hivi. Kila kilo ya oksijeni ikitumiwa na moto huzaa takriban megajuli 13. Mwali wa kawaida hufa oksijeni ikishuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 15. Basi moto wa megawati 1 ndani ya chumba kilichozibwa barabara utaishi kama dakika 35. Iandike namba hiyo. Kompyuta ikikwambia moto umewaka kwa muda wa saa tano, tafuta hewa inaingilia wapi.

Ndipo ufungue faili. Seli, yaani vijisanduku ambavyo programu hukigawa chumba, za sentimita 20 zinatosha kwa kuanzia: zitakuwa 750,000. Ukizipunguza upana nusu, kazi huongezeka mara 16 hivi, kwa hiyo ngoja hadi mwisho, uone kama jibu linabadilika.

Kuta zinataka subira. Usipozieleza, FDS huziacha kwenye nyuzi 20 muda wote, hata moto uwake vipi, na kwenye meli moto huhamia chumba cha jirani kwa kupitia chuma. Andika unene wa milimita 12, msongamano wa kilo 7,850 kwa mita ya ujazo, upitishaji joto wa wati 45 kwa mita kwa nyuzi, na BACKING='EXPOSED' ili upande wa pili upate joto.

Mifuniko ya juu huvuja. Tumia LEAK_AREA, yaani eneo la nyufa zinazovuja, ujaribu upenyo mdogo na mkubwa. Ni uvujaji huo utakaoamua kama kaboni dayoksaidi, gesi ya kuzimia moto ambayo kanuni za kimataifa zinataka ifikie angalau asilimia 30 ya ujazo wa chumba kikubwa kabisa, itakaa au itatoroka.

Halafu uliza shehena ni nini. Moto wa meli ya makontena Maersk Honam mwaka 2018 uliua mabaharia 5, na uchunguzi uliishuku SDID, kemikali ya kutibu maji inayoweza kuvunjika yenyewe na kutoa joto bila kungoja hewa. Shehena ya namna hiyo ipe joto lake kama chanzo kinachojitegemea, kwa vipimo vya maabara, na usiiache programu ikizime kwa kukosa oksijeni.