Kupanga Matembezi ya Kwanza ya Wanandoa: Kutoka Tabora hadi Kigoma

Wanandoa wengi wa Tabora wanapofikiria likizo yao ya kwanza ya wawili, mawazo huenda moja kwa moja Dar es Salaam kwenye mabembea na mabwawa ya kuteleza, au Zanzibar kwenye fukwe. Hakuna ubaya katika hilo, ila nauli na vyumba vya huko huweza kulimaliza fungu kabla hamjaona kitu, ilhali mwisho wa reli ileile inayopita mjini kwetu kuna ziwa, sokwe na mji wa kale, vitu ambavyo watu hutoka Ulaya na Marekani kuja kuvitazama. Mwongozo huu ni wa wawili wenye kipato cha kawaida, wanaotaka kukaa Kigoma kwa siku tano au sita na kujipangia wenyewe bila kujiunga na kundi la watalii.

Anzeni na Gombe

Jambo la kwanza kupanga si hoteli wala tiketi, bali ni siku ya Gombe, hifadhi ya sokwe. Mambo mengine yote ya Kigoma yanasogezeka: msipokwenda mji wa kale wa Ujiji leo mtakwenda kesho, na ziwa halihami. Gombe ndiyo yenye masharti ya usafiri, ya malipo na ya afya, tena ndiyo inayokula fedha nyingi kuliko yote. Siku yake ikishakaa kwenye kalenda, nyingine zipangwe kuizunguka, na iachwe siku moja tupu baada yake ili boti ikichelewa msianze kulaumiana.

Hifadhi hiyo ipo kiasi cha kilomita 16 kaskazini ya mji wa Kigoma, na haina barabara ya kuifikia. Mtu huenda kwa maji tu. Boti za abiria ziendazo vijiji vya kaskazini huondoka Kibirizi, ufukweni kaskazini kidogo ya mji, kwa kawaida mchana, na safari huchukua muda wa saa mbili hadi tatu. Nauli yake ni nafuu, lakini boti hizo hurudi asubuhi, kwa hiyo anayezitumia hana budi kulala hifadhini; na kwa desturi Jumapili hazisafiri. Kukodi boti ya peke yenu ni haraka zaidi, ila kwa watu wawili gharama yake ni kubwa, labda mpate wenzenu wa kuchangia. Ushauri wangu ni kulala, hata kama mmepata boti ya kukodi. Sokwe hujitengenezea viota vipya kila jioni na kuviacha alfajiri, na aliyelala hifadhini huanza kuwafuata mapema, wakati anayetoka mjini bado anatafuta jaketi la kujiokolea. Hilo jaketi, kwa njia, ulizeni kabla ya kulipa nauli, na mlivae.

Ni vyema mkasoma kidogo habari za Gombe kabla ya kwenda, kwa sababu msituni mtaonyeshwa sokwe wenye majina, na mwongoza watalii atawatajia mama, bibi na ndugu wa kila mmoja wao kama anayesimulia ukoo wa jirani. Jane Goodall, Mwingereza mtafiti wa sokwe, alifika hapo tarehe 14 Julai 1960 akiwa na umri wa miaka 26, na mwaka huohuo alimwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akitumbukiza majani katika kichuguu ili kuwatoa mchwa na kuwala, jambo lililovunja imani ya wataalamu wa wakati ule kwamba binadamu peke yake ndiye atengenezaye zana. Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na utafiti unaendelea hadi leo, ingawa mwenyewe alifariki dunia Oktoba 2025. Ukiyajua hayo, saa moja ya kuwatazama sokwe haitakuwa ndefu hata kidogo.

Nimesema saa moja kwa sababu ndio muda unaoruhusiwa mkishawapata. Makundi ya watazamaji ni madogo, kwa kawaida si zaidi ya watu sita, nanyi mtatakiwa kukaa umbali wa mita 10 na kuvaa barakoa. Mwenye mafua au kikohozi haruhusiwi kuwakaribia, kwa kuwa maradhi yetu huwaambukiza sokwe na yaliwahi kuwaua. Hapa pana suala ambalo wanandoa wachache hulizungumza mapema: mmoja wenu akiamka na mafua, je, mwenzake atakwenda peke yake? Kubalianeni nyumbani, si mlangoni pa hifadhi mbele ya watu.

Kuhusu majira, kila msimu una lake. Miezi ya mvua sokwe hawatembei mbali, hivyo ni rahisi zaidi kuwapata, lakini njia huteleza, na milima ya Gombe huanza kupanda karibu palepale maji yanapoishia. Kuanzia Julai hadi Oktoba njia ni kavu na picha hutoka vizuri, ila sokwe huweza kuwa juu sana, na upepo wa kusi katika miezi ya kiangazi hulichafua ziwa kiasi cha kumtia kichefuchefu asiyezoea. Kama mmoja wenu magoti yanamsumbua, ombeni njia ya maporomoko ya Kakombe, ambayo ni fupi. Chakula mkibebe na kukifungia ndani, maana nyani wa pale hawaombi, hunyang'anya.

Malipo ya hifadhi hufanywa kwa namba ya kumbukumbu kupitia benki au simu, si kwa fedha taslimu mkononi. Raia hulipa kiwango cha Afrika Mashariki, ambacho kiko chini sana kuliko cha wageni wa nje, kwa sharti la kuonyesha kitambulisho. Kila mmoja abebe chake cha taifa, wala asitegemee cha mwenzake. Kigoma ni mkoa wa mpakani, na maofisa wa uhamiaji hukagua abiria njiani.

Fedha, na ndugu

Tengenezeni hesabu kwa kuanzia na gharama zote za Gombe: boti, viingilio, mwongoza watalii, kitanda na chakula. Kinachobaki ndicho kigawanywe katika nauli, chumba cha mjini na matembezi mengine. Kikiwa hakitoshi, ni afadhali kuisogeza safari kwa miezi miwili kuliko kwenda Kigoma na kuishia kuiangalia Gombe kwa mbali. Nauli ya kurudi kwa wote wawili iwekwe kando na isiguswe kwa sababu yoyote. Mmoja ashike mfuko na mwingine aandike matumizi kila jioni. Wanandoa ambao wote wawili hulipa hapa na pale hujikuta siku ya tatu hawajui fedha imekwenda wapi, na kila mmoja anamshuku mwenzake kwa soda alizokunywa.

Suala la ndugu ni zito kuliko la fedha. Familia nyingi za Tabora zina shangazi, kaka au wakwe katika mitaa ya Mwanga au Ujiji, na kufikia kwao huonekana kuwa ndiyo njia ya kubana matumizi. Kwa safari ya namna hii sishauri hivyo, kwa sababu mgeni wa nyumbani hana ratiba: atasubiri chai, atapelekwa kusalimia majirani, na jioni atakuwa bado hajaliona ziwa. Chukueni chumba katika nyumba ya kulala wageni yenye chandarua na maji, lakini mpigieni shangazi simu kabla ya kuondoka na kumwahidi siku moja kamili ya kwenda kumwona. Akisikia kwa mtu mwingine kwamba mmelala gesti siku nne bila yeye kujua, maneno yatafika kwa mama mkwe kabla yenu. Mpelekeeni asali ya Tabora. Ni zawadi isiyohitaji maelezo.

Safari yenyewe

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikijengwa na Wajerumani, na treni bado ina ladha yake. Mjue tu kwamba vyumba vya kulala vya daraja la pili vina vitanda sita na kwa desturi hutenganisha wanaume na wanawake, kwa hiyo wawili waliopania kusafiri pamoja huweza kuagana mlangoni pa behewa. Ulizeni stesheni kama mnaweza kupata chumba cha wawili, au mkae viti. Aidha, mvua zikinyesha sana njia hukatika mara kwa mara kati ya Kilosa na Gulwe, na treni inayotoka Dar es Salaam ikichelewa huko, abiria wa Tabora ndiye anayekesha stesheni. Kwa sababu hiyo mimi ningekwenda kwa basi, kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza, ili niiwahi siku ya Gombe, na treni ningeiweka kwenye kurudi, ambako kuchelewa hakuharibu kitu.

Ujiji na ziwa

Siku ya Ujiji huanzia Tabora, wiki moja kabla ya safari. Nendeni Kwihara, nje kidogo ya mji, mkaitazame ile tembe alimokaa Livingstone, mmisionari na mvumbuzi wa Uskoti. Yeye na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, walikutana Ujiji mwaka 1871, wakaja pamoja hadi Kwihara, na wakaagana Machi 1872, Stanley akielekea pwani na Livingstone akibaki kungoja wapagazi wa safari yake ya mwisho. Anayeiona Kwihara kwanza huielewa Ujiji vizuri zaidi, na matembezi hayo ya nusu siku huwaonyesha pia ni nani kati yenu anachoka mapema na ni nani anapenda kusoma kila kibao.

Kutoka mjini Kigoma daladala hupita Mwanga na kuwafikisha Ujiji kwa muda mfupi. Kwenye makumbusho mtaona mnara, sanamu za wasafiri hao wawili na miembe inayosemekana kuwa imetokana na mwembe wa asili waliokutana chini yake. Mwambieni mwelekezaji awaeleze pia habari za misafara ya pembe na watumwa iliyotoka hapa kupitia Tabora hadi Bagamoyo, kwa sababu hiyo ndiyo historia yetu hasa, na mara nyingi hupitwa haraka ili kumfikia Livingstone. Kisha shukeni ufukweni, ambako mafundi huunda mitumbwi ya mbao. Ujiji ni mji wa Waislamu wengi; kanga na suruali ndefu zitawapa heshima, na Ijumaa mchana si wakati wa kumsumbua mtu kwa maswali.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na maji yake ni maangavu kiasi kwamba samaki wadogo wa rangi huonekana mtu akisimama tu majini. Kwa kuoga, ufukwe wa Jakobsen upande wa Katonga ni chaguo zuri na hulipiwa kiingilio. Epukeni kuoga karibu na vijiji, kwenye matete na midomo ya mito, kwa ajili ya kichocho na mamba. Bandarini msipige picha bila ruhusa, hata mkiiona Liemba, meli ya Kijerumani iliyozamishwa mwaka 1916 na kuopolewa mwaka 1924.

Tazameni pia kalenda ya mwezi. Wavuvi wa dagaa hutumia taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wengi hupumzika, na usiku wa giza ndipo taa zao hutanda ziwani. Jioni ya namna hiyo, sahani ya samaki wa ziwani, mgebuka au kuhe, kwa ugali wa muhogo inatosha. Mchuzi wa mawese uonjeni kidogo kwanza, kwani si kila tumbo la Tabora linauzoea. Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe, iachieni safari nyingine: iko mbali kusini, na gharama yake peke yake ingemeza bajeti hii yote.

Tiketi ya kurudi ikatwe siku ileile mnayofika. Dagaa nunueni Kibirizi siku ya mwisho, mkichagua waliokauka barabara na wasio na mchanga, na muwafunge kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuwaingiza kwenye kiroba. Dumu la mawese lipelekwe likiwa limefungwa kwa nailoni chini ya kifuniko na lisimamishwe wima miguuni penu, si kwenye buti kama mtarudi kwa basi, kwa sababu likivuja juu ya mizigo ya watu makondakta hawatalipokea tena, na nguo za abiria mtazilipa ninyi.