Kuandaa kitimbi cha Malvolio jukwaani

Nimeiongoza Twelfth Night, tamthilia ya vichekesho ya Shakespeare, mara tatu, zote na vijana, na kila mara kikundi kinataka Malvolio aigizwe na yule mchekeshaji wao. Usikubali. Mpe kijana anayefika mazoezini kabla ya wenzake na kukunja shati lake vizuri. Malvolio ni msimamizi wa nyumba ya Olivia, na kazi yake anaiweza. Anapowakaripia Toby, mjomba wa Olivia, na wenzake kwa kulewa na kuimba usiku wa manane, ilhali bibi mwenye nyumba anamlilia kaka yake, ana haki. Ana kiburi, ndiyo, lakini ukimfanya juha tangu mwanzo, hutakuwa na mtu wa kumwonea huruma baadaye.

Tumia muda wako mwingi kwenye bustani, tendo la pili, onyesho la tano. Waigizaji hupenda kuikimbilia barua ya uongo ambayo Maria, mjakazi wa Olivia, ameiandika ili Malvolio aamini kwamba Olivia anampenda. Wazuie. Kabla hajaiona, Malvolio anatembea akijiona tayari ni mume wa Olivia: amevaa joho la mahameli, amemwacha mke kitandani amelala, anaagiza Toby aitwe aje kuonywa. Maria hakumtia tamaa hiyo moyoni. Aliikuta humo, akaitegea. Kuna mahali anasema atakuwa akichezea... kisha anakatiza, anataja kito cha thamani. Mvalishe mkufu wa usimamizi. Mkono uuguse mkufu, usite, ushuke. Mumewe Olivia hangevaa alama ya utumishi. Tulirudia hapo jioni nzima, na sijutii.

Sasa barua. Mwandiko wa Maria unafanana na wa Olivia, basi Malvolio apewe nafasi ya kuutazama mhuri. Kwenye herufi M, O, A, I, mwambie asome kwa kidole na ahangaike kwelikweli, maana zinakataa kukaa kama jina lake linavyoandikwa, naye anazilazimisha. Toby na wenzake Andrew na Fabian, wanaomchungulia, wabaki chini kichakani. Wakirukaruka sana, macho ya watu yatamwacha Malvolio.

Soksi za njano, ambazo barua inamtaka avae, hazihitaji msaada wako. Zifunge tu kamba zibane kweli, maana mwenyewe analalamika kwamba zinamzuia damu.

Chumba cha giza, ambamo Malvolio anafungiwa kama mwendawazimu, tendo la nne, onyesho la pili, ndicho kinachonikosesha usingizi. Mara ya kwanza nilimwingiza mwigizaji kwenye gunia, watu wakacheka mpaka mwisho, nami nikarudi nyumbani nimeumia. Si ajabu walicheka: tarehe 2 Februari 1602 mwanafunzi wa sheria aitwaye John Manningham aliutazama mchezo huu pale Middle Temple, London, akakisifu kitimbi cha barua katika shajara yake. Kicheko kimekuwepo tangu zamani. Kazi yako ni kukiruhusu bustanini na kukinyima hewa gizani.

Ninavyofanya siku hizi: uso hauonekani, ni mikono miwili tu inayotoka chini ya mlango. Feste, mchekeshaji wa nyumba ya Olivia, anavaa ndevu na joho ili ajifanye padri Topas, ingawa Malvolio hamwoni. Maria mwenyewe anasema hayakuhitajika. Mwache Feste ayavae polepole, watu waone kwamba sasa anajifurahisha tu. Malvolio aombe mshumaa, kalamu, wino na karatasi kwa sauti ya mtu aliyezoea kuagiza, anayejitahidi asiombe. Baada ya kusema kwamba hana wazimu na kwamba nyumba ina giza, hesabu moyoni mpaka tano kabla Feste hajajibu. Toby naye, anapotaka mambo yaishe, asioneshe huruma: anaogopa tu kwamba mpwa wake Olivia ameshamkasirikia.

Mwishoni Olivia anakiri kwamba Malvolio ametendewa vibaya mno, naye Malvolio anaapa kulipiza kisasi kwa genge lote. Usimtoe kupitia pembeni. Ashuke jukwaani na soksi zilizochanika, apite katikati ya watazamaji polepole, karibu kiasi cha kuguswa, na wanamuziki wasianze mpaka mlango wa nyuma ufungwe.